Injili Nne: Mbona Hazisemi Sawasawa?



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za vitabu vinne vifupi ambavyo wengi wenu mnavyo nyumbani, navyo ni Injili za Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Sikuja kuhubiri, hiyo ni kazi ya wengine, nao waifanya vizuri kuliko mimi. Mimi ni mwalimu katika chuo cha waalimu, na kazi yangu ni kusoma na kuwafundisha wengine namna ya kusoma. Basi nataka tuvisome vitabu hivi kama mzee wa baraza awasikilizavyo mashahidi: mmoja mmoja kwa zamu yake, bila kumtia huyu kinywani maneno ya yule.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nalikuwa na darasa la wavulana wapatao thelathini. Juma moja kabla ya Pasaka nalikuwa nikiwasomesha habari za kusulubiwa kwake Yesu. Mvulana mmoja, mwana wa mvuvi, mtoto mkimya asiyezoea kusema, akainua mkono. Akasema ya kuwa amesoma kwa Marko kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu. Lakini kwa Yohana amesoma kwamba ilipata saa sita, na Pilato alikuwa angali akibishana na watu mbele ya baraza yake. Akaniuliza, "Mwalimu, saa ipi ni ya kweli?"

Mimi nalikuwa nimezisoma Injili zote nne tangu utoto wangu, wala sikuwa nimeliona jambo hili hata siku moja. Naliona haya, na haya ile ikageuka hasira. Nikamwambia aketi, nikasema mtoto mwenye adabu hayapimi Maandiko kama apimavyo samaki sokoni. Akaketi. Hakuuliza neno tena mpaka mwisho wa mwaka, wala wenzake hawakuuliza. Mkaguzi alipokuja alilisifu darasa langu kwa utulivu wake.

Angalieni, wasikilizaji wangu, kwa nini mtoto yule aliliona jambo hili upesi hivi. Watu wa nchi zile za Kiyahudi na Kirumi walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama sisi tuhesabuvyo kwa Kiswahili hata leo. Saa tatu ya Marko ni saa tatu yetu, umande umekwisha kukauka na watu wamo kazini. Saa sita ya Yohana ni saa sita yetu, jua la utosi. Mwingereza asomapo hana budi kuongeza sita katika kila saa ndipo aelewe; mtoto wetu haongezi kitu. Alisoma akaona jua likisimama mahali pawili.

Wala saa si jambo la peke yake. Kila mwaka ifikapo Krismasi, shule nyingi hucheza mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Mtoto mmoja hufanywa Yusufu, mmoja Mariamu. Wachungaji huingia na fimbo zao. Kisha huja Mamajusi watatu wamepiga vilemba, na mmoja amechukua mkebe wa biskuti uliovikwa karatasi ya kumetameta. Wote hupiga magoti pamoja penye hori. Ni mchezo mzuri, nami nimeufundisha mara nyingi. Lakini mwaka mmoja naliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kutafuta mchezo huu umeandikwa wapi. Wakatafuta saa nzima, wakifunua huku na huku, halafu wakaja kuniambia ya kuwa haukuandikwa po pote.

Ndivyo hivyo. Marko haandiki kuzaliwa kwake Yesu hata neno moja. Aanza na Yohana Mbatizaji nyikani, na Yesu amekwisha kuwa mtu mzima. Yohana aanza mbali sana, kabla ya dunia kuumbwa, kisha avuka moja kwa moja mpaka mto wa Yordani. Waandikao ni Mathayo na Luka tu, nao hawaandiki mambo yale yale. Kwa Mathayo hatusikii safari yo yote ya kutoka Nazareti. Yusufu na Mariamu wapo Bethlehemu, na Mamajusi wafikapo huingia nyumbani. Idadi ya Mamajusi haikutajwa. Zilizokuwa tatu ni zawadi, na watu wa baadaye wakahesabu zawadi wakapata wachukuzi. Kisha Herode ataka kumwua mtoto, wazazi wamkimbiza Misri, na warudipo waogopa kukaa Uyahudi kwa sababu Arkelao mwana wa Herode anatawala. Ndipo waendapo kufanya maskani Nazareti.

Kwa Luka safari yageuka. Kwao ni Nazareti tangu mwanzo. Waenda Bethlehemu kwa ajili ya kuandikwa watu. Mtoto alazwa horini kwa kuwa hawakupata nafasi. Waja wachungaji usiku. Siku za kutakaswa zikiisha apelekwa hekaluni, kisha warudi kwao kwa amani. Nyota hamna, Mamajusi hamna, wala safari ya Misri. Kwa hiyo hori ni la Luka, na nyota ni ya Mathayo. Na wale ng'ombe na punda wasimamao nyuma katika kila picha hawamo katika habari za kuzaliwa zilizomo katika Injili hizi.

Mtu aweza kusema, basi tuziunganishe: wachungaji kwanza, Mamajusi baadaye, kisha Misri. Wengi wamefanya hivyo, na kwa sehemu kubwa yawezekana. Lakini pana fundo moja gumu. Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. (Msistaajabu kusikia hivyo, hesabu yetu ya miaka ilitungwa Rumi mwaka 525 na mtawa mmoja jina lake Dionysius, naye alikosea kidogo.) Lakini kule kuandikwa watu ambako Luka akutaja pamoja na jina la Kirenio, liwali wa Shamu, mwandishi Myahudi Josephus atuambia kulifanywa Arkelao alipokwisha kuondolewa katika utawala, ndio mwaka wa 6 baada ya Kristo. Kati ya mambo haya mawili pana karibu miaka kumi. Nimesoma majibu mengi ya wataalamu wanaotaka kulifungua fundo hili, na mengi yaonyesha werevu wa mjibuji kuliko ukweli wa jambo. Mimi naona Luka alichanganya.

Walakini tazameni upande wa pili pia. Waandishi hawa wawili, ambao ni dhahiri kila mmoja aliandika asiione habari ya mwenziwe, wanakubaliana ya kuwa mtoto alizaliwa Bethlehemu, siku za Herode, mamaye bikira aliyeposwa na Yusufu wa ukoo wa Daudi, akalelewa Nazareti. Hakimu ye yote mwenye busara angeyaandika haya pembeni ya daftari lake.

Sasa nawaomba wazee wanisikilize, maana nataka kutaja nasaba. Mzee aujuaye ukoo wake aweza kuwataja babu zake vizazi saba au kumi, na akikosea jina moja mzee mwenzake atamrudi papo hapo. Mathayo aanza na Ibrahimu akishuka, na mwenyewe asema vizazi ni kumi na vinne mara tatu. Luka aanza na Yesu akipanda, hata afika kwa Adamu. Tangu Ibrahimu mpaka Daudi wanaenda pamoja kwa sehemu kubwa. Lakini baada ya Daudi waachana: Mathayo apita kwa Sulemani, mfalme, Luka apita kwa Nathani, mwana mwingine wa Daudi. Na wafikapo karibu na mwisho twaona baba yake Yusufu, kwa Mathayo, ni Yakobo. Kwa Luka ni Eli.

Mwanzoni mwa karne ya 3 alikuwako mtaalamu mmoja jina lake Julius Africanus, aliyeliona jambo hili akaliandikia barua ndefu. Alisema ya kuwa Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa tumbo moja, baba mbalimbali. Eli alioa, akafa bila kuzaa. Yakobo akamrithi mjane wa nduguye kama sheria ya Musa ilivyoamuru, akamzaa Yusufu. Basi Yusufu alikuwa mwana wa Yakobo kwa damu, na mwana wa Eli kwa sheria. Wasomaji wa Ulaya huhitaji maelezo marefu ili wafahamu jibu hilo. Wazee wetu wengi hawahitaji hata moja. Wamewaona watoto wa namna hiyo vijijini mwao, nao wajua ni kwa jina gani waitwe.

Ni jibu zuri, nami nalipenda, ila silitegemei sana. Naona nasaba hizi hazikuandikwa kwa kazi ya karani wa boma anayetaka kujua nani alimzaa nani. Mathayo aliandika kwa watu waliolelewa katika Torati, akitaka kuwaonyesha mwana wa Ibrahimu na mrithi wa kiti cha Daudi. Kwa hiyo apita kwa wafalme. Luka aliandika kwa Kiyunani safi kwa watu wa mataifa, naye hakutaka kukoma kwa Ibrahimu, baba wa kabila moja. Alipanda mpaka kwa Adamu, baba wa watu wote. Ukiwaondolea nasaba hizi, umewaondolea nusu ya neno walilotaka kusema.

Tofauti nyingine ni nyepesi zaidi, na baadhi yake sisi twazielewa bila shida. Mathayo asema akida wa Kirumi alimjia Yesu akamsihi kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa. Luka asema akida hakuja mwenyewe. Alituma wazee wa Wayahudi, halafu rafiki zake. Wako waliogombana juu ya jambo hili. Kwetu kijana anayetaka kuposa huwatuma wazee, na baba wa msichana jioni husema, "Fulani amekuja kuposa," hali Fulani yu kwao amekaa. Hakuna amwitaye mwongo. Vivyo hivyo mafundisho makuu ya Yesu, kwa Mathayo yalitolewa mlimani, kwa Luka mahali tambarare. Na sala aliyowafundisha wanafunzi wake ni ndefu kwa Mathayo, fupi kwa Luka. Mwalimu afundishaye miaka mitatu harudii somo lake mara moja tu, wala kwa maneno yale yale.

Je, ilikuwa miaka mitatu? Hapo tena pana neno. Ukimsoma Marko peke yake, waona Pasaka moja tu, ile ya kifo. Yohana ataja Pasaka tatu, na kwa ajili yake watu husema Yesu alifundisha miaka miwili na zaidi. Tena Yohana aweka habari ya kuwafukuza wafanya biashara hekaluni mwanzo kabisa, katika mlango wa 2. Wale watatu waiweka katika juma la mwisho, nayo ndiyo iliyowakasirisha makuhani hata wakatafuta kumwua. Wengine husema ilitendeka mara mbili. Sidhani. Mtu aliyepindua meza za wavunja fedha mara ya kwanza asingeachwa kuingia kwa amani afanye vivyo hivyo tena.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza: vitabu hivi vilipatikanaje, hata vikawa hivi? Yesu aliuawa mnamo mwaka 30, Pontio Pilato alipokuwa liwali wa Uyahudi. Pilato alitawala tangu 26 hata 36. Kwa miaka mingi habari zake zilichukuliwa kinywani, kama habari zetu za kale. Wataalamu wengi wanakubali ya kuwa Injili ya Marko ndiyo ya kwanza, karibu na mwaka 70, ulipobomolewa mji wa Yerusalemu. Mathayo na Luka zikafuata baada ya miaka kumi au ishirini hivi, na Yohana mwisho wa karne. Marko ina mistari kama 660, na katika hiyo zaidi ya 600 imo kwa Mathayo pia kwa namna fulani, mara nyingi kwa maneno yale yale ya Kiyunani. Mwalimu aonapo madaftari mawili yamefanana hivyo ajua la kufikiri. Tena Mathayo na Luka wana mistari 200 na zaidi, hasa ya mafundisho, ambayo wanashirikiana nayo bila Marko. Kwa hiyo wengi hudhani ulikuwapo mkusanyo mwingine wa maneno ya Yesu, ambao sasa umepotea. Luka mwenyewe haoni aibu kusema mwanzoni mwa kitabu chake ya kuwa wengine walimtangulia kuandika, naye amechunguza mambo yote.

Juu ya Marko liko neno la kale la Papias, askofu wa Hierapolis katika Asia Ndogo, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 2. Alisema Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akaandika kwa uangalifu yote aliyoyakumbuka, lakini si kwa taratibu ya jinsi yalivyofuatana. Basi hata watu wa zamani zile walijua ya kuwa habari zaweza kuwa za kweli na mpango wake usiwe wa kalenda.

Rafiki yangu mmoja Mwislamu, mwalimu wa Kurani katika mtaa wetu, aliniuliza siku moja kwa upole, "Sisi twasikia habari za Injili moja; ninyi mbona mna nne?" Ni swali la haki. Nalimwonyesha ya kuwa katika hati za kale za Kiyunani anwani za vitabu hivi hazisemi Injili ni mali ya Mathayo au mali ya Marko. Zasema Injili kama alivyoisimulia Mathayo, kama alivyoisimulia Marko. Kwa watu wale Injili, yaani habari njema, ilikuwa moja, na wasimulizi wanne. Hakukubaliana nami, wala sikutazamia. Lakini tulikunywa kahawa mpaka ubani wake ukaisha chetezoni.

Na kwa hakika hata Wakristo wenyewe walijaribiwa kutaka kitabu kimoja. Marcion, tajiri wa merikebu kutoka pwani ya Bahari Nyeusi, alichukua Luka peke yake, akamkata alipotaka, akaacha wengine. Wakristo wa Rumi wakamtoa kwao mwaka 144. Baada yake akaja Tatian, mtu wa upande wa Ashuru, aliyesoma Rumi, na mnamo mwaka 170 alizifumua Injili zote nne akazisuka upya kuwa mkeka mmoja. Kila jambo akalitaja mara moja tu. Nasaba, kwa kuwa hazikupatana, alizitupa zote mbili. Kitabu chake kilipendwa sana. Makanisa ya Shamu yalikisoma katika ibada kwa muda wa miaka 200 na zaidi, na watoto wengi wa nchi ile walikua hawajui Injili nyingine.

Fikirini basi jinsi ilivyokuwa vyepesi! Mvulana yule wa darasa langu asingekuwa na swali, nami nisingeona haya. Lakini katika karne ya 5 Theodoret, askofu wa Cyrrhus, alipopita katika makanisa yake alikuta nakala zaidi ya 200 za kitabu cha Tatian. Akazikusanya zote akaziondoa, akaweka mahali pake Injili nne. Hakika alijua ya kuwa kwa tendo lile alikuwa akiwarudishia watu wake saa mbili, nasaba mbili, na maswali yote tuliyoyataja. Kabla yake, mnamo mwaka 180, Irenaeus, askofu wa Lyon, alikuwa amekwisha kusema ya kuwa Injili zapasa kuwa nne kama zilivyo pepo nne na pande nne za dunia. Hoja yake ya pepo hainivuti sana. Lakini kukataa kwao kuzifunga sauti nne katika kinywa kimoja, hilo naliheshimu.

Wala hawakuacha wasomaji bila msaada. Eusebius, askofu wa Kaisaria, katika karne ya 4 alizitumia sehemu fupi za Injili zilizotiwa hesabu, akatengeneza orodha kumi: ya kwanza yaonyesha habari zilizomo katika zote nne, zinazofuata habari zilizomo katika tatu, au mbili, na ya mwisho zilizomo katika moja peke yake. Msomaji aliweza kuona ndugu wa kila habari bila kugeuza neno moja la mwandishi. Orodha hizi zilikwenda mbali. Huko Uhabeshi, katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, viko vitabu vya Injili vya kale sana kwa lugha ya Giizi. Wataalamu wamezipima ngozi zake wakaona ya kuwa ni za kati ya karne ya 4 na ya 7. Na kurasa zake za mbele zina orodha za Eusebius, zimechorwa nguzo na matao ya rangi.

Sasa nirudi kwa mvulana wangu. Baada ya miaka mingi nalimkuta forodhani, amekuwa mtu mzima, karani wa bandari. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akacheka akasema, "Mwalimu, ile saa umeipata?" Nalikuwa na jibu wakati huo, nikampa tukiwa tumesimama kivulini mwa ghala.

Nalimwambia ya kuwa swali lake lilikuwa la kale kuliko sisi sote. Watu wa zamani walidhani mwandishi mnakili alikosea, kwa maana kwa Kiyunani tarakimu ya tatu na ya sita zafanana kidogo. Na kweli ziko nakala chache za Yohana zilizoandika saa tatu. Lakini zilizo nyingi na zilizo bora husema saa sita, na mnakili mwenye kusawazisha ndiye wa kushukiwa, si mwenye kuacha neno gumu. Wengine husema watu wale hawakuwa na saa za mkono. Waligawanya mchana vipande vinne, na asubuhi inayoendelea mtu mmoja aweza kuiita saa tatu na mwingine karibu saa sita. Jibu hilo lapunguza shida, haliiondoi.

Kisha nikamwomba aangalie siku, si saa tu. Wote wanne wakubali ilikuwa Ijumaa. Lakini kwa Marko, Mathayo na Luka karamu ya jioni iliyotangulia ilikuwa ndiyo Pasaka yenyewe. Kwa Yohana Pasaka bado, nayo italiwa jioni inayokuja. Basi kwa Yohana Yesu anahukumiwa adhuhuri, na alasiri ile ile wana-kondoo wa Pasaka wanachinjwa hekaluni. Ni nani aliyetuambia katika mlango wa 1 ya kuwa Yohana Mbatizaji alimwita Yesu Mwana-kondoo wa Mungu? Ni Yohana huyu huyu, wala mwingine katika wale wanne hasemi hivyo. Marko naye ahesabu kifo kwa vipindi vya saa tatu tatu: saa tatu, saa sita, saa tisa, kama kengele ipigwayo. Kila mmoja anayo sababu ya saa yake. Kwa saa ya mkononi hazipatani, wala mimi sitamlazimisha mtu azipatanishe.

Karani yule alinyamaza kidogo, akasema, "Ungeniambia hivi siku ile." Nikamwambia, "Siku ile nalikuwa sijui." Akasema, "Basi ungesema hujui." Nami sikuwa na neno la kumjibu.

Dakika zangu zakaribia kwisha, lakini sipendi kuacha habari za kaburi. Marko ataja wanawake watatu waliokwenda alfajiri, Mathayo wawili, Luka watatu kwa majina na wengine pamoja nao, Yohana mmoja. Marko asema walimwona kijana mmoja, Mathayo malaika mmoja, Luka watu wawili, Yohana malaika wawili. Nakala mbili zilizo za kale kuliko zote zenye Agano Jipya karibu zima, za karne ya 4, zamaliza Injili ya Marko wanawake wakikimbia kwa hofu bila kumwambia mtu neno. Moja yazo ilikuwa katika monasteri ya Mlima Sinai, na Waingereza wakainunua kwa Warusi mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Mistari inayofuata katika Biblia zetu iliongezwa baadaye. Lakini katika tofauti zote hizi Mariamu Magdalene hakosi hata mara moja, wala siku haigeuki, wala kaburi si kwamba kwa mmoja lina mtu na kwa mwingine halina. Tena katika desturi za Kiyahudi za siku zile, kama Josephus asemavyo, ushahidi wa wanawake haukupokelewa barazani. Mtu atungaye hadithi ili aaminiwe angewachagua mashahidi wengine.

Na jina la Pilato halimo katika Injili tu. Tacitus, mwandishi Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 ya kuwa Kristo aliuawa na Pontio Pilato katika enzi ya Kaisari Tiberio. Na mwaka 1961 lilifukuliwa Kaisaria jiwe lenye jina la Pilato limechongwa kwa Kilatini.

Waalimu na wanafunzi mtakaopenda kuifanya kazi hii wenyewe, chukueni karatasi kubwa mwipige mistari mpate nafasi nne, na juu ya kila nafasi mwandike jina la Injili moja. Msianze na kuzaliwa, wala na kaburi, ni magumu. Anzeni na kulishwa kwa watu elfu tano, maana ndio mwujiza wa pekee wa Yesu, kabla ya kufufuka kwake, uliomo katika zote nne: Mathayo 14, Marko 6, Luka 9, Yohana 6. Mikate mitano, samaki wawili na vikapu kumi na viwili mtavikuta kwa kila mmoja. Kwa Marko tu mtaona ya kuwa majani waliyoketia yalikuwa mabichi. Kwa Yohana tu mtaona ya kuwa mikate ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, na ya kuwa ilitoka kwa mtoto. Andikeni kila neno katika nafasi yake, na pale ambapo mmoja amenyamaza acheni karatasi nyeupe.